Hedifoni Zilizonong'ona

Hedifoni zangu zilianza kunong'ona. Nikapandisha sauti ya simu hadi mwisho, nikaizima, nikaiwasha, nikaitukana, wapi! Nikapanda boti kutoka Kilwa Kisiwani hadi Masoko, nimejiandaa kabisa kugombana na fundi aliyeniuzia hizo hedifoni.

Yeye akachokonoa vile vitundu vyake vya kutolea sauti kwa mswaki mkavu, kisha akaninusisha. Nazi! Kila siku nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi husikiliza taarabu, na mtu akibisha hodi huzichomoa masikioni na kuzitupa kwenye sinia, juu ya nazi.

“Simu nzima, dada,” akasema. Nikazivaa; sauti ikanirusha kitini.

Jioni mume wangu akalalamika kwamba wali hauna nazi. Nikamwambia nyingine imebaki Masoko kwa fundi.