Terre ya Mama Dorcas

Mwone Clémence anavyoshuka kwenye pikipiki pale avenue yao ya Mbunya. Amekumbatia chuma kirefu kumpita yeye mwenyewe, amekizungushia kitenge toka juu hadi chini, kama maiti vile. Hataki majirani waulize. Na hapo ndipo alipojiharibia, maana ukificha kitu kirefu namna ile unaita macho ya avenue nzima.

Clémence, ambaye wengi wanamwita Mama Dorcas, anapiga saisie: anachapa kwa kompyuta mémoire za wanafunzi, zile kazi zao za kumaliza chuo. Mashini yake inakaa juu ya meza ya chuma, na chumba alichopanga sakafu yake ni udongo. Mashini hiyo ilikuwa inamuuma. Akivaa sapatu hasikii kitu; akizivua, mkono ukigusa meza, vidole vinawasha kama vimeshika upupu. Alishazoea. Ila Dorcas ameanza kusimama, peku, na meza ile ndiyo anayoshikilia. Juzi alishika, akarudisha mkono haraka, akamwangalia mama yake. Hakulia. Kule kutolia ndiko kulikomnyima Clémence usingizi.

Akamwita Guelord, fundi wa courant, yaani umeme. Guelord akageuza fiche, ile plagi ya mashini: jino la tatu lilikatwa zamani ili iingie kwenye rallonge, waya ya kurefushia, yenye matundu mawili.

“Mama Dorcas, nyumba hii haiko na terre.”

“Terre? Udongo wetu tuliuacha kule Djugu tukikimbia, ndugu yangu. Hapa siye ni wapangaji tu.”

Guelord akacheka mpaka akashika ukuta. “Miye naongea terre ya courant! Courant ikipotea njia inatafuta udongo. Leo iko napita kwako kidogo, inakuchoma-choma tu. Siku waya itagusa meza hii, itapita yote ndani ya mutoto. Tutie chuma mu udongo, tufunge waya, tuweke na disjoncteur ya kukata courant ikipotea. Kabla ya hapo, usichomeke kitu.”

Chuma chenyewe ndicho hicho. Kitenge hakijafunguliwa bado, muzee Honoré, mwenye parcelle, yaani kiwanja na nyumba, amekwisha kufika.

“Iko nini ile?”

“Ni chuma ya courant, muzee.”

“Courant inavaa kitenge?”

Guelord, aliyekuwa akingoja na vyombo vyake, akaonyesha mahali pa kuchimba, kando ya ukuta. Sauti ya muzee ikabadilika.

“Pale? Kwa mupaka? Weye unataka kupanda borne mu parcelle yangu?”

Hakuwa anatania. Shamba la kaka yake liliondoka hivyo hivyo: waliamka wakakuta borne, alama ya mpaka, ya mtu mwingine imesimama, na hadi leo wanahangaika mahakamani.

“Muzee, miye nilikimbia na sufuria moja. Nitakunyang’anya parcelle na nini?”

“Wote wanaanzaka vile. Chuma haiingii mpaka ndugu zangu wafike toka Mahagi.”

Guelord akakusanya vyombo vyake, akaenda. Clémence akachomoa kila kitu, akafanya kazi na batterie, lakini imezeeka, ikakata katikati ya ukurasa. Kisha mvua ikashuka, maji yakapita chini ya mlango, udongo wa chumba ukawa tope.

Jioni muzee akarudi, karatasi kwapani, sauti chini. Zilikuwa za mémoire ya Martine, binti yake, ambayo Clémence alikuwa anaichapa.

“Mama Dorcas, kesho asubuhi Martine anasimama mbele ya jury kutetea mémoire yake. Anasema kurasa za mwisho haziko bado.”

“Batterie imekufa, muzee.”

“Si uchomeke tu! Siku zote unachomekaka.”

Dorcas alikuwa amejisimamisha, miguu ndani ya tope, mkono unaelekea meza. Clémence akamnyakua. Akikataa, kesho anaweza kuambiwa atafute nyumba nyingine, na mvua hizi. Akikubali, hataweza hata dakika moja kumwachilia mtoto chini. Hakubishana. Alimfunga mgongoni, akaokota fiche, akamkabidhi muzee kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mkubwa.

“Basi chomeka weye, muzee. Miye niko inje na mutoto. Nikirudi, weye ndiye utaniambia kama anaweza kushuka chini.”

Muzee akaiangalia fiche. Akaangalia nyayo ndogo kwenye tope, karibu kabisa na mguu wa meza. Huko nje Dorcas alikuwa anacheka na matone ya mvua.

Na weye unayenisikiliza, fiche ile ingekuwa mkononi mwako, binti yako anangoja, ungefanya nini?