Bandari Iliyokuwa Inasubiri Kuchemshwa

Nilikasirika, na sijutii. Nilikuwa nimetoka Kibondo kumpeleka mwanangu mchanga akaonwe na mama mkwe kijijini Heru Juu. Siku ileile akanipa vitambaa vyeupe vya kumfungia mtoto, laini kuliko nepi zote nilizonunua Kasulu mjini. Nikashukuru. Nilipovifua na kuvianika, nikaona kwenye pindo la kimoja mstari mweusi uliogoma kutoka, na tarakimu pembeni yake.

"Mama, hiki kilikuwa nini?"

"Michoro ya wazungu. Baba mkwe wangu aliwashikia fito za kupimia kina cha mto Malagarasi. Walipoondoka wakamwachia furushi. Ni kitambaa tu kilichopigwa wanga. Ukichemsha na sabuni, wino unatoka."

"Umechemsha yote?"

"Umebaki mmoja." Akanionyesha jikoni. Sufuria ilikuwa inatokota.

Nilikimbia. Nikaunyakua kando ya moto, mkavu bado kama karatasi, nikautandaza mkekani.

Kwenye mchoro, mto ulikuwa umejikunja. Upande mmoja gati la kufungia mashua. Ng'ambo, kuta fupi zimeingia majini. Kwa nini ujenge kuta mahali mashua hazifiki? Nikafuata tarakimu za kina kwa kidole hadi nikaelewa: kuta zinausukuma mto uje ukimbie mbele ya gati, uzoe matope wenyewe. Kumbe! Miaka minne ya sekondari nimechorishwa mito ya watu, na huu wa kwetu hakuna aliyeniambia kitu. Nani aliwaza hivi? Nani akakataa bandari isijengwe? Mchoro haukusema.

"Una mtoto anakojoa kila saa, unasoma bandari isiyokuwepo," mama mkwe akasema. "Lete huo."

"Sileti."

"Utamfunga na nini? Gati?"

Nikaingia ndani, nikatoa kitenge changu kipya, nikakichana vipande mbele yake.

"Weee! Mama mtoto, una wazimu? Kitenge kizima!"

"Vitenge vimejaa sokoni, mama. Huu nitaupata wapi?"

Kisha akachuchumaa kando ya mkeka.

"Baba mkwe wangu alisimama wapi na fito zake?"

Nikamwonyesha zile tarakimu, moja baada ya nyingine, katikati ya mto.

"Huku kote?" Akazigusa polepole. "Na hakujua kuogelea, yule."

Akainuka, akaenda kuepua sufuria.