Samaki Wanaokumbuka Sura

Siku yangu ya kwanza kwenye boti ya Kapteni nilijifunika kitambaa mpaka chini ya macho, kwa sababu niliamini kabisa kwamba samaki wa Australia wanakumbuka sura za watu. Aliyenieleza ni Njoroge, Mkenya niliyekuwa napakua naye makontena bandarini Port Botany.

"Mzee, si umeona vile wavuvi wa kule north hujifunika? Samaki akishakumark, umekwisha. Anaambia wenzake bahari mzima."

Nikaenda kuwatazama. Kweli, vitambaa mpaka machoni! Nikaona sihitaji ushahidi mwingine.

Kapteni aliniajiri kuosha boti yake ya kuwapeleka wateja kuvua, huko pwani ya kaskazini ya Sydney ambako kiangazi watu huvua kwa flai. Flai ni chambo cha bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, chepesi kuliko kope ya mtoto. Chenyewe hakirushiki. Kinachorushwa ni mshipi, mnene na mzito, nao ndio unaokibeba. Unarusha nyuma, unangoja mshipi unyooke wote, ndipo unarusha mbele. Ukifanya pupa unajinasa sikio. Mimi nilijinasa yote mawili, halafu nikamnasa Kapteni.

"Shomari, una haraka gani?" alifoka akishika sikio. "Bahari haihami!"

Nikaanza masomo ya usiku ya unahodha. Korona ilipokuja, mtaani kwetu Lidcombe tukafungiwa ndani, nikayamalizia kwenye simu jikoni. Jioni nilijizoeza kurusha mshipi uani, nikaangusha nguo za jirani mpaka akahamishia kamba yake sebuleni.

Cheti kilipotoka, magoti ya Kapteni yalikuwa yamechoka, na wateja hakuna.

"Nauza boti," aliniambia. "Isipokuwa utoke peke yako na mteja mmoja umpatie kingfish. Ukiweza, utaiendesha wewe. Ukishindwa, inaondoka."

Mteja mwenyewe alikuwa Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, muuguzi wa hospitali ya Westmead. Wenzake wa wodini walimzawadia siku moja baharini. Tulipotoka tu kwenye ghuba akavua barakoa akaitia mfukoni. Nikamwashiria kwa mikono miwili.

"Mama, funika uso, tafadhali!"

"Papa, hapana. Mwaka muzima barakoa, hata pua yangu niliisahau. Leo uso yangu inakula hewa."

Nikakaza kitambaa changu mwenyewe. Kingfish ni jamaa ya kolekole wetu, ana nguvu za trekta. Kwa mteja mgeni unamwita karibu: unarusha samaki wa bandia asiye na ndoana, unamvuta mbio, naye anamfukuza mpaka ubavuni mwa boti. Wakaja watatu, rangi ya kijani, wakatukodolea macho. Nikajua boti imeuzwa.

"Rusha nyuma!" nikamwambia. "Ngoja... ngoja... sasa!"

Flai ikatua puani mwa mkubwa wao. Akaimeza. Mshipi ukalia, boti ikageuka, nikadhani tunaburutwa New Zealand.

"Papa, ananiiba!"

"Mwache akimbie! Akichoka, vuta!"

Alipomkumbatia samaki yule, Mama Neema alilia na kucheka pamoja, meno yote nje, uso ambao hospitali nzima haikuwa imeuona mwaka ule. Tukamrudisha majini. Nami nikaelewa kilichotuokoa: samaki walikuwa hawajawahi kumwona.

Boti haikuuzwa. Niliiendesha mpaka magoti yangu nayo yakadai haki zao. Ninyi mnaoanza, msiogope kuanza na mvi kama mimi; nimefundisha mamia ya watu kungoja mshipi unyooke, na wengi walikuwa wametoka kukaa ndani, wakashangaa kwamba wanaweza.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi Kapteni funguo, nikamnong'oneza: "Atakayenirithi mwambie ajifunike uso. Samaki wa hapa hawasahau."

Kapteni alizitia funguo mfukoni.

"Shomari," akasema, "kile kitambaa ni cha kujikinga na jua."