Pua ya Ndiva

Siku hizi kila mkutano ninaoalikwa, wa kanisani au wa kijiji, lazima mtu asimame aseme vijana wakipewa uongozi nchi itatajirika. Watu hupiga makofi, na mimi hupiga, sina ubaya na vijana. Lakini nakumbuka ukuta wa ndiva yetu ulivyokuwa ukitoka maji miguuni wakati wa masika, na mimi nimesimama chini yake, najua jambo ambalo kijana aliyetuongoza halijui, na nimefunga mdomo.

Nitaeleza. Shule nilisoma miaka miwili tu, baba akanitoa nikachunge mbuzi, kwa hiyo mnivumilie nikitoka njiani.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, huku kwetu milimani upande wa Mhezi. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la kuchimba, lenye ukuta wa mawe na udongo upande wa bondeni. Jioni tundu lake linazibwa kwa gogo, maji ya kijito yanajikusanya mpaka asubuhi, halafu linafunguliwa yashuke na mfereji, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiva yetu ilikuwa imebomoka tangu nikiwa mdogo. Maji yake yalikuwa ya kufika magotini. Kiangazi kikikaza, wenye mashamba ya juu wanapata, wa chini wanatazama. Kila mwaka vijana walishuka Same kupanda treni kwenda kukata mkonge. Wengine walirudi na kikohozi, wengine hawakurudi.

Mtoto wa mjomba wangu alirudi. Mimi na yeye tulikuwa sawa kwa umri, ishirini na kitu, ila yeye alifika darasa la nne na mimi nilifika kwa mbuzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo mbele za watu, maana sisi mabinamu tulitaniana sana. Mimi nilimjibu kwamba mbuzi wangu hawakunipiga viboko. Basi, huyu binamu alirudi na viatu ambavyo alivivaa Jumapili tu, na wazo ambalo alilivaa kila siku. Alisema huko mkonge amejenga matangi na mabwawa ya watu wengine, na haoni kwa nini mikono hiyohiyo ishindwe kujenga la kwao. Alisema tukingoja boma la Same lituletee neema tutazeeka tunangoja. Tuinue ukuta, maji yafike mpaka mashamba ya mwisho, watu walime vitunguu na maharage wakati wa kiangazi, na kijana asiwe na sababu ya kupanda treni.

Alikuwa anasema vizuri, lazima nikiri. Jumbe alimsikiliza. Hata bwana shamba, ambaye kazi yake kwetu ilikuwa kutulazimisha matuta tusiyoyataka, alisema ni sawa.

Ikapigwa pembe ya msaragambo. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu. Zamani pembe ilipigwa kwa amri ya wazee. Safari hii aliyeipiga alikuwa kijana, na watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Wanaume walibeba mawe, wanawake walibeba udongo na maji. Kukanyaga udongo uwe mzito, binamu alikwenda kwa wafugaji wa tambarare akawaomba ng'ombe. Yule mwenye ng'ombe alipanda nao mlima kwa shida, akawatazama wanazunguka kwenye tope, akasema maisha yake yote ameona ng'ombe wakiibiwa, wakitolewa mahari na wakiliwa, lakini hajaona wakiitwa msaragambo. Tulimcheka, na yeye alitucheka.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ndiva nzuri ina mdomo na pua. Mdomo ni lile tundu la chini linalofunguliwa asubuhi. Pua ni mwanya ulioachwa juu, kwenye kona, ili masika maji yakizidi yapate pa kutokea bila kusukuma ukuta. Ya kwetu ilikuwa kona ya mwamba. Mimi nilijua kwa sababu bibi yangu alinichapa mara mbili kwa kuchezea pale. Lakini ndiva ilipobomoka, maji hayakufika tena juu, na njia yake ikajaa udongo mweusi ulioshuka miaka yote ile. Udongo gani ule. Ukidondosha punje unasikia kama inakushukuru. Baba alianza kupalima, hakuna aliyemuuliza. Alipokufa nikalima mimi. Shamba langu lililobaki lilikuwa kokoto tupu, kwa hiyo pale ndipo tulipokula.

Binamu alipoinua ukuta, aliuinua mpaka kwenye mwamba, akaziba kona yote. Mawe ya pale niliyapanga mimi, kwa mikono hii. Nilijua naziba pua. Nilijiambia ukuta ni mpya na mnene, hautahitaji kupumua. Mtu akitaka kujidanganya haishiwi maneno.

Mtauliza wazee walikuwa wapi. Alikuwepo mzee wa ndiva, ambaye baba yake na babu yake pia walikuwa watunzaji wa ndiva. Kila siku ya msaragambo alikuja, akakaa juu ya jiwe lake, akatazama, akaondoka. Sisi tulidhani ameridhika. Kumbe kwa desturi mtu anayetaka kuigusa ndiva humwendea na chungu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, akamwuliza, ndipo naye afungue mdomo. Bila kuulizwa hasemi. Na sisi vijana wote tulikuwa tumebatizwa, tumeapa pombe hatuigusi. Binamu alisema hawezi kumpelekea mtu kitu ambacho yeye mwenyewe anakiita dhambi. Alisema kwa moyo safi. Lakini hakwenda na kitu kingine, na hakwenda kuuliza.

Masika yakaja. Wiki ya kwanza tulifurahi, ndiva ilijaa, watu walipanda kutazama kama wanatazama bibi arusi. Wiki ya pili maji yakafika pingili tatu za kidole kutoka ukingoni. Halafu ukuta ukaanza kulowa chini, ukatoka matone, matone yakawa michirizi myembamba yenye rangi ya udongo. Chini ya ukuta kulikuwa na nyumba nane. Moja ni yangu, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, amefika mwezi wa nane, kupanda kilima anapumzika mara tano.

Nilikuwa nikiamka nakwenda kuweka kiganja ukutani, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Narudi nyumbani, nakaa, nainuka, nakwenda tena. Nikitazama chini naona paa langu, nikitazama kando naona mahindi yangu, niliyoyapanda mapema kwa unyevu wa pale, yamefika kiunoni, meusi kwa afya, na maharage katikati. Mke wangu aliniuliza kama ukuta unavuja. Nikamwambia hauvuji, unatoka jasho tu, ni mpya.

"Mimi nikitoka jasho la namna hiyo," akasema, "wewe bwana ungekwenda kuita mganga."

Alijua kuna kitu, akaanza kufunga nguo zake kwenye kitambaa, akakiweka karibu na mlango.

Asubuhi moja binamu alikuja kwangu. Alikuwa amekonda. Hakunitania, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema amepita ukutani, kuna mahali kidole kinaingia. Alisema yeye alijua kujenga, lakini hajui alichokijenga, na anakwenda kwa mzee wa ndiva, nifuatane naye. Nilitafuta sababu ya kukataa nikakosa.

Njiani alikata miwa kwao, tukaikamua palepale, tukajaza kibuyu. Maji ya miwa matupu, ya asubuhi ileile, hayajachacha. Alisema hiyo ndiyo dengelua anayoweza kuibeba bila kusema uongo kwa upande wowote.

Tulimkuta mzee anaota moto ukumbini. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Binamu akapiga goti, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Mzee akanusa. Akaonja. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimekunywa dengelua tangu sijaota ndevu," akasema. "Sijawahi kuletewa iliyobatizwa."

Akacheka mpaka akakohoa, akanywa tena. Binamu hakucheka.

"Babu," akasema, "nimeziba kitu nisichokijua. Nimekuja kuuliza. Najua nimechelewa."

"Umechelewa kwa mawe mengi."

"Ndiyo, babu."

Mzee akaweka kibuyu chini, akaeleza habari ya mdomo na pua. Binamu alisikiliza kama mwanafunzi, kisha akauliza hiyo pua iko upande gani. Hapo mzee akanyoosha kidole, lakini hakukinyoosha mlimani. Alikinyoosha kwangu.

"Muulize huyo. Bibi yake alimchapa pale."

Nawaambia ukweli, nilitamani paa la mzee lituangukie wote watatu. Binamu aligeuka polepole. Sikuona hasira, na ingekuwa nafuu kama ningeiona.

"Ni pale ninapolima," nikasema. "Kona ya mwamba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jiwe la kwanza."

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

"Hukuniuliza."

"Kweli. Sikukuuliza wewe wala yeyote. Nilikuwa nawaambia tu." Akajifuta uso. "Sasa nakuuliza. Sitapeleka watu kukata mahindi yako bila wewe kutaka. Ukikataa, tutawahamisha watu wa nyumba nane, na ukuta uanguke ukiwa hauna mtu chini yake. Sema wewe."

Watu wanaosimulia mambo yao husema walijibu palepale. Mimi sikujibu palepale. Nilihesabu mistari ya mahindi kichwani. Nilifikiri tutakula nini mpaka vuli, na mtoto amekaribia. Nilifikiri pia kwamba pengine mvua itakatika. Kisha nikakumbuka kile kitambaa karibu na mlango, na mwanamke aliyekifunga bila kuniuliza tena, maana alijua nitamdanganya. Nikasema nipeni jembe.

Kufika adhuhuri pembe ilikuwa inalia, na wingu lilikuwa limefunika upande wa Same wote, tambarare haionekani. Niliomba niwe wa kwanza kukata. Nilikata mstari wa kwanza, binamu akakata wa pili, halafu watu wakaingia. Hakuna aliyenisema. Nadhani binamu aliwaambia yeye ndiye aliyekosea, na nusu ilikuwa kweli. Tulipofika kwenye mwamba nikatoa mawe niliyoyapanga, moja moja, nikijua kila moja lilivyokaa. La mwisho lilipotoka maji yakanisukuma kifuani nikakaa chini. Yakapita juu ya shamba yakifuata njia yao ya zamani, kando ya nyumba, kama mtu aliyesafiri akarudi na kukuta bado anaukumbuka mlango wa kwao. Kufika alasiri udongo mweusi wote ulikuwa umekwenda, mwamba unaonekana.

Mvua ilinyesha siku nne. Nilikaa miguuni mwa ukuta siku zote nne, sikuamini. Michirizi ilipungua, ikarudi kuwa matone, ikawa unyevu. Ukuta haukuanguka. Mke wangu alikuwa ameokota majani ya maharage kwenye matope, kapu zima, tukayala mpaka nikachukia rangi ya kijani. Kitambaa chake alikifungua mwenyewe, sikuona ni siku gani.

Binamu alinigawia kipande cha shamba lake juu ya mfereji. Kilikuwa na mawe, lakini kilipata maji, na kiangazi kile nililima vitunguu kwa mara ya kwanza maishani. Walilima na wa mashamba ya mwisho, akiwemo mjane mmoja aliyekuwa haamini, anakwenda kwenye mfereji anaingiza mguu tu ajihakikishie. Msimu ule treni iliondoka na vijana wachache. Sikusema hakuna aliyeondoka.

Kuanzia hapo, kabla ya kila msaragambo, binamu aliwasimamisha watu ambao mashamba yao yanagusana na kazi, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, akamwuliza kila mmoja mbele ya wote anajua nini ambacho yeye hajui. Ilichukua muda mrefu. Wengine walilalamika kwamba anawachelewesha. Mimi alinichelewesha kuliko wote, ananitazama mpaka nasema hata nisilolijua.

Yeye amekwisha kufa, na mzee wa ndiva, na mke wangu. Ndiva ipo. Kwenye mikutano vijana wa sasa wanasema vizuri kama yeye, wana karatasi, wana ramani. Mimi siwatazami wanaosema. Natazama pembeni, aliyekaa kimya mikono magotini, nikijiuliza amelima wapi.

Kila masika yakikaribia napanda na fimbo yangu kuangalia pua. Udongo mweusi umeanza kurudi kidogo kidogo. Juzi nimekuta mistari mitatu ya maharage. Nimeuliza, nimeambiwa ni ya kijana wa kamati ya maji, mtu mwema, ana watoto wadogo. Nimemtumia salamu aje tuzungumze, naye amejibu atapita wiki ijayo. Leo upande wa Same sioni tambarare kwa wingu. Sitangoja wiki ijayo, nakwenda kwake sasa hivi, na nitamwambia kwanza ya kwangu.