Jiwe la Baba Kwenye Foleni

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kariakoo, ukisema foleni hakuna aliyefikiria magari. Foleni ilikuwa ya watu, na ya vitu vya watu: ndala iliyokatika mkanda, kikapu, tofali, kidumu kisicho na mfuniko, vyote vimejipanga mbele ya duka la ushirika tangu jana yake, kila kimoja kikimshikia nafasi mwenyewe aliyekwenda kuhangaika kwingine. Hakuna aliyegusa ndala ya mwenzake. Mama alitufundisha, "Ukiona foleni ingia kwanza, utauliza baadaye." Nami nikaingia siku moja nikidhani ni ya sukari, kumbe ya chanjo. Nikarudi nyumbani mkono umevimba na mfuko mtupu.

Baba yangu, Mzee Salumu, alikuwa fundi cherehani, lakini ujanani aliwahi kuwa askari wa Mwingereza na hakuturuhusu tusahau. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba neno foleni limetoka gwarideni. Sajenti wa Kizungu alipiga kelele "Fall in!", askari wakakimbilia kila mmoja mahali pake, na Waswahili wakalichukua neno wakalilainisha mpaka likawa letu. Nilipoanza kusoma Kiingereza nikalifukuzia hilo fall kwenye kamusi ya mwalimu. Maana yake kuanguka, lakini nilichokikuta kilinichekesha, maana Mwingereza hachoki kuanguka. Akisinzia ameanguka usingizini, akipenda ameanguka mapenzini, akiugua kaanguka, akikosana na rafiki yake wameanguka wote wawili. Mvua inaanguka, bei inaanguka, serikali inaanguka, maporomoko ya maji nayo ni kuanguka tu, na Wamarekani wameupa jina hilo hata msimu wa majani kupukutika. Mwalimu alisema ni neno la kale, la mababu wa Waingereza na wa Wajerumani walipokuwa bado wanaelewana. Nikamuuliza Baba inakuwaje neno la kuanguka liwe amri ya kusimama wima. Akatoa pini mdomoni.

"Unaangukia mahali pako," akasema. "Kila mtu ana pake."

Sikumwelewa mpaka siku ya maziwa.

Dada yangu Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, na kabla ya arobaini homa ikampanda, akalazwa hospitali kubwa kule Upanga. Mtoto akabaki kwetu. Bibi alimjaribu kwa uji mwepesi, akatapika. Maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa yakamharisha. Kilio chake kikawa chembamba, mpaka Mama akawa anainama kusikiliza kama bado analia. Nesi alisema atafutiwe maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo enzi zile yalikuwa ya kusikia kwa jirani. Nyumba nzima tulitembea kwa vidole. Hata Bibi, mtu wa maneno, alinyamaza, na mimi hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Ndipo ikavuma kwamba lori litaleta maziwa asubuhi. Baba akachukua jiwe jeusi lililokuwa likizuia mlango wa chumba chake cha cherehani, akalichora alama ya msalaba kwa chaki ya kukatia nguo, akaenda kulipanga. Lilikuwa karibu kabisa na mlango wa duka. Baada ya swala ya alfajiri akaniweka kwenye baraza la mkabala nilitazame, yeye akashika njia kwenda Upanga kumwona Dada, kwa miguu.

Watu wakajaa, wenye mawe wakasimama mbele ya mawe yao. Lori lilipokata kona, vijana tusiowajua wakaruka kutoka upande wa pili wa mtaa na kuvamia mlango. Wa nyuma nao wakaona wataachwa, wakasukuma. Nikasikia mama mmoja akilia mguu wake. Ndala zikaruka, vikapu vikapondwa, nikaona jiwe la Baba likipigwa teke, kisha sikuliona tena. Nilitaka kwenda kulitafuta, nikang'ang'ania nguzo ya baraza. Muuza duka akachungulia dirishani akasema kama ni fujo anafunga, na maziwa yatarudi yalikotoka. Hakuna aliyemsikiliza. Nikamsikia anasukuma komeo.

Baba akatokea wakati huo, shati limemganda mgongoni. Akatazama mara moja tu. Akapanda ngazi ya duka, mtu mfupi yule mwenye futi ya kupimia shingoni, akavuta pumzi.

"Fall in!"

Sijawahi kusikia sauti ile tena, wala sikujua anayo. Mtaa ukanyamaza. Waliopitia mgambo wakakaza migongo bila kujijua, sisi tuliozoea gwaride la shule tukanyoosha mikono kupimana nafasi, na hata wale vijana wakatazamana, mmoja akasogea nyuma, wenzake wakamfuata. Foleni ikajipanga ukutani. Komeo likafunguliwa.

Baba akashuka ngazi, akatafuta jiwe lake kwa macho. Halipo. Akanishika mkono tukaenda mpaka mwisho wa foleni, mbali, karibu na kona.

"Baba, sisi tulikuwa mbele," nikamwambia.

"Jiwe liko wapi?"

"Halipo."

"Basi na sisi hatupo. Aliyepanga watu hawezi kujipanga mbele."

Nilimchukia, naomba Mungu anisamehe. Nilihesabu migongo iliyo mbele yetu nikakata tamaa. Kila aliyetoka na kopo nilimwona kama amelitoa mdomoni mwa mtoto wetu. Baba alitazama mbele tu, lakini mkono wake ulionishika ulilowesha wangu kwa jasho.

Kule mbele Mama Ndeshi akachomoza kichwa. Huyu alikuwa Mchaga wa mtaa wa pili, duka la mumewe siku hizo limebaki na chumvi na viberiti. Alikuwa akiangaza huku na huku, alipotuona akainua kitu kutoka ndani ya khanga yake.

"Mzee Salumu, unafanya nini huko? Jiwe lako lilikuwa mbele yangu. Nimelibeba lisipotee."

Baba hakusogea. Watu ndio waliosema, "Pita, mzee. Jiwe lako hilo." Tukapita. Mama Ndeshi akarudi hatua moja nyuma kutupisha. Baba akapokea kopo, akalishika kwa mikono miwili, na muuza duka, aliyeletewa makopo machache tu, akasema, "Yamekwisha."

Mama Ndeshi naye alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Baba aligeuka akamnyooshea lile kopo.

"Foleni ni foleni, mzee," Mama Ndeshi akasema. "Mpelekeeni mtoto." Akampa na jiwe.

Jioni Mama aligawa yale maziwa ya unga nusu kwa nusu, akanituma kwa Mama Ndeshi na bakuli lililofunikwa kawa. Bakuli likarudi na ndizi, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mtoto wetu akanywa, akalala, na Bibi akaanza tena kusema. Dada akapona akarudi nyumbani.

Jiwe lilizuia mlango wa Baba mpaka alipofariki, hata nyumba ikavunjwa likajengwa ghorofa. Sijui lilikwenda wapi na kifusi. Watoto wa siku hizi wanachukua namba kwenye mashine, wanakaa kwenye kiti wanachezea simu, na bado wanalalamika wamechoka kusubiri.

Na yule mtoto, Hamisi, sasa ana kitambi, mvi za kidevuni na gari lenye kiyoyozi. Juzi alinichukua Kariakoo nilikokwenda kununua vitambaa. Magari yalikuwa yamesimama hayaendi. Akatoka kwenye mstari, akapita pembeni kwa kasi, kisha akaanza kuchomekea kule mbele, pua ya gari lake inakaribia kugusa kigari cha mama mmoja aliyekuwa ametulia zake.

"Hamisi, rudi kwenye foleni," nikamwambia. "Wewe maziwa yako yalitoka kwenye foleni."

Hadithi anaijua, ameisikia tangu utoto wake. Akacheka kwa mapenzi kabisa.

"Mamdogo, hapa hakuna kurudi nyuma."

Yule mama akatutazama kidogo. Kisha mstari uliposogea akakanyaga breki, akatuonyesha kwa mkono tupite. Tukapita, na mimi sikuweza kumtazama.