Mpangaji Aliyepikia Ndani

Enzi za Mwingereza nilijenga nyumba ya kupangisha Sumbawanga, ya matofali mabichi na paa la nyasi. Mpangaji wangu wa kwanza, mama mjane, alipikia ndani, na moshi ukazitia kuta weusi. Karani wa boma aliitaka nyumba hiyo, ila iwe safi. Nikapima faida na hasara kwa siku tatu, kisha nikamwambia mjane ahame. Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa ukiwa mkali.

"Mwanangu, niende wapi na baridi hii?"

"Kwa ndugu zako. Moshi wako unaniharibia nyumba."

"Moshi huo ndio unaofukuza wadudu kwenye nyasi zako."

Nilicheka. Nikayatoa mafiga yake nje kwa jembe, yakiwa bado ya moto.

Karani alipikia uani. Masika ya pili hayajaisha, wadudu walikuwa wamemaliza fito, na paa likamwangukia kitandani. Akahama.

Nilimfuata mjane alikohifadhiwa, katika banda la mbuzi la shemeji yake. Alikuwa akikohoa.

"Shikamoo, mama."

"Nyumba bado ipo?" aliuliza.

"Paa limeanguka."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.