Siku Nilipompa Mama Mkwe Jiwe la Volkano

Nikikumbuka siku ile masikio bado yanapata moto, lakini wacha niwaambie tu, mcheke mmalize.

Nilikuwa naenda mtaa wa Jericho kujitambulisha kwa kina Nekesa, mchumba wangu. Yeye aliniambia nibebe sukari na mafuta ya kupikia, basi, lakini mimi (mtu wa kujifanya msomi) nikaona hayo kila mtu hubeba, nikapitia kwa muuza vito mmoja akaniuzia jiwe jeusi lenye matundu matundu, akanieleza kwamba lilitemwa na volkano enzi za kale likiwa linawaka, likapoa, na kwamba maana yake ni uvumilivu na utulivu wa moyo. Nikalifunga kwa karatasi ya kumetameta.

Sebule ilikuwa imejaa: mama yake Nekesa, shangazi yake ambaye wao humwita Senge, na akina mama wanne wa kanisa. Mama mkwe akafungua zawadi. Senge akalichukua, akaligeuzageuza.

"Si hii ni ya kusugua miguu?"

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikasimama, nikamgeukia mama mkwe nikahutubu, "Hapana, Mama, limepita kwenye moto, linatuliza hasira."

"Kwani nani amekuambia niko na hasira?"

"Si hasira, Mama, na hata miguu yako iko sawa kabisa," nikasema, na ili nihakikishe nikainama kuitazama.

Jamani! Kwao mkwe hampi mama mkwe hata mkono, anakaa mbali na kuangalia kando, na mimi Mkikuyu wa Kayole nimeinama mbele ya mashahidi kukagua visigino vya mtu. Akina mama walifunika nyuso kwa leso. Nekesa akaninong'oneza, "Mwangi, umenimaliza." Niliogopa kweli, nikaona nimempoteza hivi hivi.

Mama mkwe akavuta miguu chini ya kiti, akaniangalia weee, kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi machozi.

"Nekesa, huyu hana adabu, lakini hana ujanja pia. Adabu nitamfundisha. Arudi mwezi ujao, na asiongee."

Nilirudi, nikiwa nimeapa kwamba kwa wakwe sitaeleza tena maana ya kitu chochote. Nikakaa karibu na mlango, macho ukutani, nikiulizwa jina la baba yangu namgeukia Nekesa anijibie. Senge akauliza kama nimekuwa bubu.

"Mwache," Mama akasema. "Anajifunza."